Siti binti Saad na Kinanda cha Funguo

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuambiwa Siti binti Saad alikuwa nani. Jina lake limo vinywani tangu enzi za babu zetu, na kila mtu ana kipande chake cha habari. Huyu atakwambia kuwa alikuwa mwuza vyungu, yule atakwambia kuwa aliimba mbele ya wakubwa wa Unguja, na mwingine atakwambia kuwa ndiye aliyewafungulia wanawake mlango wa taarabu. Yote hayo ni kweli. Lakini liko jambo moja ambalo naona halitajwi inavyostahiki, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni jinsi sauti ya mwanamke yule wa shamba ilivyovuka bahari, ikapanda na Mto Tana, ikaingia majumbani mwa watu wa Kipini na Garsen kwa njia ya kisanduku cha mbao na chuma ambacho leo watoto wetu wakikiona hawajui ni cha kufanyia nini.

Kisanduku hicho ni kinanda cha santuri, au gramafoni kama wengine wanavyoita.

Fikira hii niliipata mwaka jana, wakati mpwa wangu mmoja aliyefanya kazi Ghuba kwa miaka mingi aliporudi nyumbani. Mtu atokaye huko hutarajiwa kuja na vitambaa na manukato. Huyu alikuja na kompyuta kuukuu. Ilikuwa ni aina ya Sakhr, iliyokuwa ikiuzwa katika nchi za Kiarabu na shirika la Al-Alamiah la Kuwait katika miaka ya 1980. Ukiitazama ni kama taipureta nene isiyo na mahali pa kutia karatasi. Huunganishwa na televisheni, na michezo yake hutoka katika kikasha cha kuchomeka au katika kaseti, kaseti ile ile ya kawaida tuliyokuwa tukinunulia nyimbo za Juma Bhalo pale Mombasa. Nilimwuliza ya nini leo mashine hiyo, na hali simu aliyo nayo mfukoni ina nguvu kuishinda mara maelfu. Jawabu lake ni kwamba anaipenda kwa ajili ya muziki wa michezo yake, muziki aliousikia kwa jirani alipokuwa kijana mgeni katika nchi ya watu.

Basi akaniwashia, nami nikasikiliza. Zilikuwa ni sauti nyembamba, mfano wa nyuki waliofungiwa ndani ya chupa, lakini zilikuwa na lahani, na lahani nzuri. Akanifahamisha kuwa kompyuta za nyumbani za wakati ule zilikuwa na dhiki kubwa. Ile iliyopata sifa kupita zote, Commodore 64 ya Marekani, ilitoka mwaka 1982 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Kidude chake cha sauti, alichokibuni fundi Bob Yannes, kiliweza kutoa sauti 3 kwa pamoja, hakizidishi. Watunzi wa Uingereza kama Rob Hubbard na Martin Galway iliwabidi waubane muziki wote, ngoma na besi na lahani yenyewe, ndani ya sauti hizo 3, na tena katika pembe ndogo ya kumbukumbu iliyosazwa na mchezo. Dhiki hiyo ndiyo iliyozaa mtindo wao. Na wapenzi wa tungo hizo hawakukubali zipotee. Tangu miaka ya 1990 wanazikusanya, na mkusanyiko wao mmoja uitwao High Voltage SID Collection umekwisha kupita tungo 50,000, kila utungo na jina la mtunzi wake.

Nilimtaka mpwa wangu anitajie nyimbo 5 za Siti binti Saad. Alitaja 1, kisha akanyamaza.

Si lawama. Nilitaka tu ajue kwamba hata huku kwetu palikuwa na mashine ya nyumbani yenye dhiki zake, na palikuwa na mtu aliyezishinda dhiki hizo mpaka zikamtii. Yafuatayo ndiyo niliyomsimulia, isipokuwa hapa nimeyapanga.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa ni Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Wote wawili walikuwa ni watu wa tabaka lililobeba mzigo wa utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kisheria mpaka mwaka 1897, wakati binti huyu alipokuwa amekwisha kuwa mwari. Jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Msomaji na atue hapa kidogo, aipime hali ya mtu ambaye kila anapoitwa kula, kuoga au kuteka maji, huitwa kwa jina la unyonge wake.

Kazi aliyoirithi kwa mama yake ni ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavichoma, akavitia kichwani na kushika njia ya mjini kuviuza. Katika kuinadi bidhaa yake ndipo watu walipoanza kuijua sauti yake, kwani mwuza vyungu hana duka wala kibao. Sauti yake ndiyo tangazo lake. Hakupata kusoma skuli, wala utotoni hakupata kukaa chuoni mbele ya mwalimu. Ukoo mkubwa hakuwa nao. Hata sura, kwa macho ya waliojifanya mahakimu wa uzuri pale mjini, walisema hana. Mtaji wake ulikuwa ni koo aliyopewa na Mola wake.

Mwaka 1911 aliiacha Fumba akahamia mjini. Taarabu ya wakati huo haikuwa ya watu kama yeye. Ilikuwa imeletwa Unguja na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, naye alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohamed Ibrahim ili ajifunze kupiga kanuni. Basi ikawa ni muziki wa kasri na wa waungwana, unaimbwa na wanaume, na kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kilikuwa kimeundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na mmoja wa watu wa kikundi hicho, Ali Muhsin, ndiye aliyemsikia Siti akaitambua johari iliyokuwa ndani ya vyungu. Akajitolea kumfundisha muziki na uimbaji wa Kiarabu. Huko huko mjini ndiko alikojifunza pia kusoma Kurani.

Hapa nataka kusema neno kwa wale wenzangu tuliokaa juu ya majamvi ya chuo. Mtu aliyefundishwa kusoma hujua pa kuvuta na pa kufupisha, hujua herufi ipi yatoka kooni na ipi yatoka ncha ya ulimi, na zaidi ya yote hujua kuihifadhi pumzi yake mpaka afike mahali pa kutua. Isikilize santuri yoyote ya Siti iliyo nzima utayaona haya. Maneno hayamezwi. Beti ya Kiswahili, yenye vina na mizani, huifikisha mwisho kama mpiga kafi anavyokifikisha chombo ukingoni, bila ya kukigonga.

Siti hakukaa katika Kiarabu peke yake. Alikuwa na wenziwe kina Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban, na Mbaruk Talsam aliyekuwa mzaliwa wa Mombasa. Pamoja nao aliigeuza taarabu ikaanza kusema lugha ya sokoni na kisimani. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa mawe, mahali walipokaa watu wa kazi na waliotoka katika utumwa. Usiku watu walikusanyika hapo kusikiliza mazoezi, na habari za mitaani ziliingia mlangoni zikatoka zikiwa nyimbo. Wivu nao haukukosa. Wako waliomtungia mafumbo ya kumkumbusha vyungu vyake, asili yake na sura yake. Yeye aliwajibu kwa tungo zilizowafanya wasikilizaji wajiulize ni nani hasa aliyetukanwa. Na katika safari hiyo lile jina la Mtumwa lilimdondoka, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ukitaka kuujua umbali aliotembea mwanamke huyu, usipime kutoka Fumba mpaka mjini; pima kutoka jina la kwanza mpaka la pili.

Mfano mmoja wa nyimbo zake utatosha, nao ni ule wa Kijiti. Kijiti alikuwa mtu halisi. Mwanamke mgeni, mja mzito, alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akachukuliwa na wenyeji wake kwenda matembezini usiku ambao pombe ilinywewa. Kijiti akamuua mwanamke yule, kisha akavuka bahari akakimbia, hakushikwa. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Hakuna gazeti la siku zile ambalo lingeuliza kwa niaba ya watu wa Ng'ambo ni haki ya namna gani hiyo. Siti aliuliza. Aliuimba mkasa huo kwa majina yake, na kwa kuwa ulikuwa ni wimbo, serikali haikuwa na njia ya kuukamata.

Sasa tufike kwenye kinanda. Vinanda vya santuri vilikuwa vimekwisha kuingia pwani kabla ya Siti kujulikana, lakini vilisema lugha za wengine. Mwenye nacho alisikiliza waimbaji wa Misri au wa Bara Hindi. Mwezi wa Machi mwaka 1928, Siti na wenziwe walipanda meli wakaenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa aliyeinamia bomba la kinanda akisikiliza. Siti alikuwa amekwisha kukaribia umri wa miaka 50. Anahesabiwa kuwa ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti yake katika santuri.

Tuizingatie dhiki ya chombo hicho, kwa maana ndiyo iliyonifanya nimlinganishe Siti na watunzi wale wa kompyuta. Santuri ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulichukua wimbo wa dakika 3 hivi, basi. Nanyi mwaijua taarabu. Taarabu haina haraka. Ni muziki wa usiku mzima. Beti hurudiwa, kiitikio hurudiwa, msikilizaji akipendezwa hutaka kirudiwe tena, na udi nao hudai nafasi yake. Ghafla mtu anaambiwa ausimulie msiba wa Kijiti, mauaji na kesi na dhuluma, kabla ya chai kupoa. Na palikuwa hapana kufuta. Sauti ilichongwa moja kwa moja katika sahani ya nta. Aliyekosea, sahani iliharibika, na wote walianza upya. Nafuu moja waliyopata ni kwamba tangu mwaka 1925 kurekodi kulikuwa kunafanywa kwa maikrofoni ya umeme, kwa hiyo mwimbaji hakulazimika tena kupiga kelele mbele ya bomba.

Kwa jicho la mshairi naona kuwa dhiki ile haikumpunguza Siti. Ilimlazimisha achague beti zilizo na uzito, aache za kujazia. Mtunzi yeyote wa mashairi ameizoea kamba hiyo. Sisi twafungwa na mizani 8 kwa 8, na ndani ya kifungo hicho ndimo tunamotafuta uhuru.

Mauzo yalimshangaza hata mwenye kampuni. Siti na wenziwe waliitwa tena Bombay, na nyimbo walizorekodi zikapita 100. Kufika mwaka 1931 santuri za Kiswahili zilizouzwa na kampuni hiyo zilikuwa zimezidi 70,000, katika nchi ambazo watu wake wengi hawakuwa na fedha ya kununua baiskeli. Makampuni mengine nayo yakaja mbio kutafuta waimbaji wa Kiswahili.

Na hapa ndipo tunapofika Garsen. Mto Tana hauna bandari kubwa, lakini haukukosa njia. Majahazi yalileta bidhaa Lamu na Kipini, na kutoka Kipini mitumbwi ilipanda mto ikiwa na chumvi, nguo, sukari na mafuta ya taa. Wazee wa delta walinisimulia kuwa kinanda nacho kilikuja kwa njia hiyo, kimefungwa katika magunia ili kisiingie maji. Fadhila yake kubwa ni kwamba hakikutaka umeme wala betri. Ndani yake mna utepe wa chuma uliojikunja kama wa saa. Unatia mkono wake ubavuni, unazungusha mpaka ukaze, kisha wenyewe unajifungua pole pole na kuizungusha santuri. Mahali pasipokuwa na taa ya barabarani, penye mbu na viboko, palikuwa na muziki.

Haikuwa kila nyumba. Palikuwa na kinanda 1 kwa mtaa mzima, mara nyingi kwa mwenye duka. Wanaume walikaa barazani, wanawake walikaa ndani nyuma ya pazia, na watoto walikaa popote walipoachwa. Mpokomo aliyetoka shambani mwake, Mwormo aliyekuja kuuza ng'ombe, Mbajuni na Mwarabu, wote walisikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja, na wote walifahamu kinachosemwa.

Lakini naamini wako waliofahamu zaidi. Nchi hii ya chini ya Tana ilikuwa ni makimbilio. Katika miaka ya 1860 Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliweka makao yake Witu, na watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu na Malindi walikimbilia katika misitu ile. Watoro hao walilima, wakazaa, na wajukuu wao wametapakaa mpaka kwenye mito yetu. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Santuri za kwanza za Siti zilitoka miaka 21 tu baadaye. Maana yake ni kwamba miongoni mwa waliokaa barazani kusikiliza kinanda, walikuwemo watu walioonja utumwa kwa migongo yao wenyewe, nao walikuwa wanamsikiliza binti wa watumwa akiwa ndani ya nyumba ya tajiri, akisema analotaka, na tajiri mwenyewe akimzungushia mkono wa kinanda ili asinyamaze. Sijui kama kuna hotuba iliyopata kufanya kazi kama hiyo.

Mimi nilikikuta kinanda katika uzee wake. Ami yangu alikuwa na duka Garsen, na katika miaka ya 1970, ingawa redio za betri zilikuwa zimekwisha enea, yeye alikuwa bado anacho chake, pamoja na santuri zipatazo 30. Jioni, baada ya kufunga hesabu, alikitoa. Kazi yangu ilikuwa ni kumshikia kikopo cha sindano, kwa kuwa sindano ile ya chuma hutumika upande mmoja wa santuri kisha hutupwa. Ukiirudia huikwaruza sahani. Utepe ulipolegea katikati ya wimbo, sauti ya Siti ilizama na kunenepa mpaka ikawa ya mwanamume mwenye mafua, nasi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa. Bibi yangu hakupenda picha ya mbwa iwemo katika chumba anachosalia, kwa hiyo santuri zililala ukumbini. Mwadhini alipoita, ami aliinua sindano hata kama umebaki mstari mmoja. Walikuwapo walioona kuwa ni bora asiirudishe tena baada ya swala. Hao nao aliwaheshimu. Aliwapelekea kahawa, akakipunguza kinanda kwa kukifunika shuka.

Siti hakuyaona hayo. Alifariki dunia Unguja tarehe 8 Julai mwaka 1950, Mola amrehemu. Shaaban Robert, ambaye hakuwa mtu wa kumpa kalamu yake mtu asiyestahiki, aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kikasomwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki nzima. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuchukua ujana wake kuzifuata nyimbo za Siti, akaziimba mpaka uzeeni. Na wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha gazeti lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti. Kwa upande wa jina, basi, hakudhulumiwa.

Upande wa sauti ndio wenye msiba. Santuri za zama zile hazikufanywa kwa plastiki. Zilifanywa kwa lakki, utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na vumbi la mawe. Ni ngumu lakini hazistahamili. Ikianguka sakafuni hupasuka kama kigae cha chungu. Ilipokuja kaseti, watu walizitupa stoo. Kisha mwaka 1997, na mapema 1998, mvua za El Niño zilitushukia. Mto ulitoka katika kingo zake, Garsen ikawa kisiwa, na watu wakaokoa roho zao na mifugo waliyoweza. Hakuna aliyepanda juu ya paa na kinanda mikononi. Maji yalipokauka, santuri za ami yangu zilizokuwa nzima zilikuwa 4. Nyumba ngapi nyingine kutoka Garsen hata Kipini zilizika hazina kama hiyo katika tope?

Siku hizi hamu ya vitu vya kale imerudi. Nimeviona vinanda vimewekwa katika kumbi za wageni Lamu na Malindi, vimepakwa mafuta vikang'aa, bomba lake limetiwa maua. Watu hupiga picha kando yake. Hakuna santuri juu yake, na aliyekiweka hajui kuwa kiliwahi kusema Kiswahili. Hamu ya namna hii naiita hamu ya kisanduku. Wale wapenzi wa kompyuta kuukuu, ambao wengine huwacheka kwa kuwa wanalilia michezo ya watoto, wametushinda akili, kwani wao walijua kuwa kisanduku kitakufa na wakakimbilia kuokoa kilichomo. Tungo 50,000 za michezo ziko salama. Nyimbo za mwanamke aliyeisomesha santuri lugha yetu zimetawanyika. Nyingine zimo mikononi mwa wakusanyaji wa ng'ambo, nyingine zimo chini ya vitanda vyetu.

Kwa hiyo msomaji mwenye santuri kuukuu nyumbani na afanye haya. Asizirundike kwa kuzilaza. Azisimamishe kama vitabu katika rafu, mbali na jua, maana joto huzipinda. Asizipanguse kwa spiriti wala kwa manukato yenye spiriti, kwani spiriti huiyeyusha lakki na wimbo ukaondoka na uchafu. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Asizipige kwa sindano kuukuu ili kuwafurahisha wageni. Asome maandishi ya katikati, ayanakili katika daftari: jina la wimbo, mwimbaji, na namba. Kisha awaendee wenye ujuzi, Fort Jesus au Jumba la Makumbusho la Lamu, awaulize njia ya kuitoa sauti katika sahani na kuitia katika chombo cha leo. Na kama nyumbani kuna bibi anayezikumbuka beti, akae naye jioni hii hii aandike, kwa kuwa santuri huchukua dakika 3 tu, na zile beti zilizoachwa nje Bombay mwaka 1928 hazikubaki mahali pengine isipokuwa vifuani mwa watu.

Mpwa wangu amezichukua zile santuri 4 za ami. Amenunua sindano mpya, na amekwisha kunitumia wimbo wa kwanza kwa simu. Una mikwaruzo, kama mvua juu ya makuti, lakini nyuma ya mvua hiyo maneno yote yanasikika.